Magari Yaliyoinuliwa: Kumbukumbu za Barabara za Kasongo na Kabambare

Historia ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, husimuliwa zaidi kwa majina ya watawala na ya vita, ilhali sehemu yake muhimu imo chini ya magari, kwenye springi na ekseli ambazo mafundi wamekuwa wakizibadilisha kizazi baada ya kizazi ili ziweze kuhimili ardhi. Anayefuatilia mabadiliko hayo hugundua kwamba gari lilipandishwa juu kadiri barabara ilivyoachwa kushuka.

Katika karne ya 19 njia iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupitia Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, ilikuwa njia ya miguu, na chombo chake cha usafiri kilikuwa bega la mpagazi. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Kasongo mwaka 1893 na Kabambare mwaka 1894, lakini reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1910, ilipita magharibi ya mto Lualaba, na Kasongo, iliyo mashariki ya mto huo, ikabaki nje ya reli. Kilimo cha pamba, ambacho wakulima wa Maniema walilazimishwa kukifanya tangu mwaka 1917, kilihitaji barabara, nazo zikachimbwa kwa jembe na koleo. Zilitunzwa na makantonye, yaani vibarua wa vijijini ambao kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kufyeka, kuzibua mifereji na kujaza mashimo, huku vizuizi vya mvua vikiyasimamisha malori mazito mpaka udongo ukauke. Kazi hiyo ilikuwa ya jasho na mara nyingi ya shuruti, jambo ambalo haifai kulisahau. Hata hivyo, lori lenye springi zilezile lilizotoka nazo kiwandani liliweza kufika.

Baada ya uhuru utaratibu huo ulidhoofika hatua kwa hatua. Ofisi ya Barabara iliundwa mwaka 1971, lakini miaka miwili baadaye amri ya kutaifisha biashara za wageni ilivuruga uchukuzi katika nchi nzima, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, na vita vya mwaka 1996 na 1998 vikamalizia yaliyobaki. Mfereji wa pembeni ukiziba, maji ya mvua hufuata barabara yenyewe, magurudumu huchimba mitaro miwili, na katikati yake husalia mgongo wa udongo ulio juu kuliko tumbo la gari. Mgongo huo ndio uliowafundisha mafundi kuinua magari.

Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, uliotoka mwaka 1984, zilikuja na springi za bapa, yaani vipande vya chuma vilivyopindwa kidogo na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikiwa juu na vifupi chini yake. Fundi hutia jeki chini ya chesesi, ile fremu inayobeba bodi, akaliegemeza gari juu ya magogo, kisha akafungua yu-bolti zinazoikaza springi kwenye ekseli. Kipande kilichotolewa kwenye lori lililokufa hukatwa kwa kipimo, hutobolewa tundu la bolti ya katikati, na kupigwa nyundo nzito mpaka kipate mpindo unaolingana na wenzake, ndipo huongezwa kwenye springi na kukazwa upya. Gari hupanda sentimita chache na kubeba mzigo zaidi, lakini huwa gumu, abiria wakarushwarushwa na chesesi ikaanza kupata nyufa.

Springi za koili, ambazo ni nondo zilizosokotwa, zilileta ulaini pamoja na hesabu mpya. Land Cruiser ya mfululizo wa 80, gari la familia lililotoka mwaka 1990, ilikuwa na koili kwenye magurudumu yote manne, na aina yake mojawapo ilikuwa na injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye turbo, kifaa ambacho huzungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Kuliinua gari kama hilo ni kufunga koili na shokapu ndefu zaidi, kwa kawaida ili lipande sentimita 5 hivi, maana likizidishwa sana mipira ya breki huvutika, propela hukaa kwa pembe mbaya, usukani huyumba, na gari hupinduka kwa urahisi kwenye mteremko. Tena koili huinua bodi peke yake: difu, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli, hubaki palepale na kuendelea kukwaruza ule mgongo wa udongo mpaka matairi makubwa yafungwe. Matairi hayo huielemea injini, na hapo ndipo nguvu ya turbo husaidia. Lakini turbo hutaka oili safi na hewa iliyochujwa vizuri, na ndiyo maana dizeli isiyo nayo imeendelea kuthaminiwa mahali ambapo vipuri hutoka mbali.

Ustadi huu unastahili heshima, kwa kuwa umewezesha dawa, chumvi na wagonjwa kufika. Hata hivyo, mradi wa afya wa Kasongo, ulioendeshwa tangu miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulijengwa juu ya wazo kwamba huduma ni lazima iwe karibu na kila kijiji, na huduma haiwi karibu ikiwa kijiji kinafikiwa na wenye Land Cruiser zilizoinuliwa tu. Springi ndefu hulipitisha gari moja la mwenye uwezo, ilhali mfereji uliozibuliwa humpitisha pia mwenye pikipiki, msukuma baiskeli ya mawese na mama mjamzito anayebebwa kwenye machela. Kwa hiyo fedha za barabara, hata zikiwa kidogo, zianze kwa kumrudisha kantonye kwenye kipande chake, safari hii akiwa mfanyakazi huru anayelipwa ujira wake kila mwezi.