KARIAKOO KILA MTU ANAUZA, ANAYELALA NANI?

Mtu wa mkoani anaijua Kariakoo kabla hata hajaijua bahari ya Dar. Akishuka tu kwenye basi anauliza Kariakoo wapi. Mkongo anakuja kubeba vitenge, Mzambia anakuja kubeba viatu, Mkomoro naye ana list yake ndefu. Aggrey simu, Kongo nguo, Gerezani vyuma, ukivuka kwenda Mchafukoge upande wa Uhuru ni kanga za jumla. Asubuhi panafurika hadi huoni lami. Ila ukiuliza swali moja dogo tu, kwamba ndani ya umati wote huo wangapi usiku wanalala hapo hapo, utaona watu wanaangaliana.

Na kichekesho ni kwamba Kariakoo ilianza kama sehemu ya kulala watu.

Jina lenyewe ni Kizungu kilichopita midomoni mwa Waswahili: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza waliiteka Dar kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na eneo hili wakalifanya kambi ya wapagazi wao. Nairobi nao wana Kariokor, asili ni hiyo hiyo. Hawa wapagazi hawakuwa askari. Walikuwa vijana, wengi walizolewa vijijini kwao kwa nguvu, wakabebeshwa risasi, unga na masanduku ya maofisa, wakaambiwa tembea. Walioondoka kwa kuhara, homa na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Walikufa kwa maelfu, na wengi wao hakuna hata aliyeandika majina yao. Leo konda wa daladala analitaja kikosi chao mara mia kwa siku na wala hajui.

Mitaa ile iliyonyooka kama imepigwa rula ilichorwa na Mjerumani kabla ya vita, na Mwingereza akaja kuimalizia. Mpango wao ulikuwa rahisi na wa kibaguzi: Mzungu akae Uzunguni karibu na upepo wa bahari, Mhindi akae Uhindini, na Mwafrika asukumwe nje kabisa, Uswahilini. Sheria haikusema rangi moja kwa moja, ilisema aina ya nyumba. Huna hela ya kujenga kwa mawe? Basi sehemu yako ni kule. Katikati wakaacha uwanja mtupu ili pande mbili zisigusane, na uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Mchafukoge ikaangukia upande wa Uhindini (jina lake ukilisikiliza vizuri ni kama mtu anafokewa akaoge, lakini ndo lina maghorofa ya siku nyingi), Kariakoo ikaangukia upande wa pili. Kwa hiyo Kariakoo ya babu zetu ilikuwa kama Chanika au Kivule ya leo. Mwisho wa mji. Unafanya kazi mjini, unarudi huko kulala.

Lakini hao waliosukumwa nje walijenga mtaa wa maana. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati, uani jiko na choo, mbele baraza. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, vingine kapangisha Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema, Mngazija. Wote jiko moja. Kiswahili hiki tunachoringia Bongo nzima kimepikwa sana kwenye uani za namna hiyo.

Na siasa zikapikwa humo humo. Soko lilikuwa linafanya kazi tangu 1923, na miaka ya hamsini msimamizi wake alikuwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini kweli kweli. Mwalimu Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alifikia nyumbani kwake. TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 pale unapopaita Lumumba leo. Mpira? Yanga 1935, Simba mwaka uliofuata, na hadi sasa klabu zote mbili zina majengo Kariakoo, ni mwendo wa miguu kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Unaweza kusema nusu ya mambo yanayotugombanisha nchi hii yalitokea kwenye mabaraza ya kitongoji kimoja.

Mwaka 1975 Nyerere akafungua soko jipya, lile la zege lenye paa la miavuli iliyogeuzwa juu chini. Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, na ile miavuli si mapambo, imetengenezwa ikinge maji ya mvua. Chini ya ardhi wakaweka sehemu ambayo watu wakaibatiza Shimoni. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na kuna watu wazima walilia siku ile kama wamefiwa.

Halafu biashara ikaachiwa huru, mizigo ya Dubai na baadaye ya China ikaanza kumwagika, na hapo ndo baraza likageuka hela. Aliyekuwa na chumba cha mbele akagundua kwamba akitoboa ukuta akaweka geti la chuma, ile ni fremu. Fremu ina kodi ya mwaka, na juu ya kodi kuna kilemba, hela ambayo mpangaji anampa mwenzake anayetoka, haina hata risiti. Baada ya fremu likaja ghorofa. Mwekezaji anamfuata mwenye kiwanja, wewe toa ardhi mimi natoa hela, tukimaliza tunagawana. Familia inapata fremu kadhaa na flati mbili za juu, zile flati wanapangisha stoo, wenyewe wanakwenda kujenga Mbagala au Bunju. Wanarudi Kariakoo kila siku saa 11 alfajiri wamebanana kwenye mwendokasi, kuja kuuza kwenye kiwanja alichozaliwa mama yao.

Sasa kuna bibi mmoja, jina lake halina haja. Ana miaka themanini na ushee na nyumba yake ni ya vyumba sita, imebanwa na maghorofa mawili, jua linafika uani saa sita hadi saa saba basi. Mtaa mzima kabaki yeye. Msiba ukitokea hakuna jirani wa kuja na mkeka, majirani ni mageti ya chuma yamefungwa. Mbele tayari kuna fremu mbili, moja charger na earphone, nyingine mabegi. Yeye kahamia chumba cha nyuma.

Warithi wako kumi na saba. Mjukuu wake wa kiume ni winga, anashinda Kongo anavutia wateja madukani kwa kamisheni, jioni anarudi kwake Kivule nauli imeshakula sehemu ya alichopata. Huyu anataka ghorofa lijengwe jana. Na hoja yake usiidharau. "Bibi, mimi hapa mjini ni kwetu, lakini natembeza mali ya watu. Wanaomiliki fremu wanakuja na gari kutoka Masaki." Dada yake ana watoto watatu, mmoja anaumwa sikoseli, kila kliniki ni safari. Naye anataka, ila anaogopa kusema mbele ya bibi.

Dalali alikuja na mchoro. Shikamoo bi mkubwa, ghorofa kumi, lifti, na chini kabisa basement ya kuwekea mzigo. Familia ilikuwa karibu inasaini.

Ikafika Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi. Ghorofa lilianguka Kariakoo watu wakiwa ndani wanauza na kununua. Waliokolewa zaidi ya 80, waliokufa wakazidi 20. Siku zile mji mzima ulikuwa unasikiliza sauti kutoka chini ya kifusi, maana kuna waliokuwa wanapiga simu kutoka humo, wanaomba maji. Ikasemekana kule chini kulikuwa kunachimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Mjukuu alikuwa miongoni mwa waliokimbilia pale kuvuta zege kwa mikono kabla mitambo haijafika. Alirudi kwa bibi usiku, kakaa uani, hakula. Lakini wiki tatu baadaye alianza tena habari za mchoro. Kuna watu walimwona hana moyo. Ukikaa ukafikiria, mtu anayelipa nauli kila siku kuja kuuza vitu vya wengine nje ya nyumba ya bibi yake, wiki tatu ni nyingi.

Mwanzoni mwa 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, taa zikawekwa, watu wauze hadi asubuhi. Bibi alipoambiwa alicheka. Akasema yeye wala hakuona tofauti, huwa hapati usingizi tangu waanze kushusha makontena usiku.

Kikao cha mwisho alikubali. Akatoa sharti moja: kwenye hilo ghorofa apewe chumba kimoja, na kiwe chini, kwa sababu miguu haipandi ngazi na lifti haiamini umeme wa hapa. Dalali akafungua mchoro, akapitisha kidole kwenye ghorofa la chini lote, fremu ya kwanza hadi ya kumi na nne. Akamwambia bi mkubwa, chini hakuna chumba. Hajawahi kuona mtu kaweka.

Kikao kikaahirishwa. Mjukuu akatoka, akaenda kuwahi mwendokasi wa Gerezani.