Ndoto Ambayo Sikuiota

Nilimsingizia marehemu maneno. Nilimwambia mjane wake, ambaye ni mama yangu mdogo, kwamba mumewe amenijia usingizini akiwa na kanzu nyeupe, na amenituma nimwambie yuko radhi naye. Sikuota ndoto hiyo. Niliitunga nikiwa macho, asubuhi, tukichambua mchele, na tangu neno la kwanza nilijua kwamba nasema uongo. Naandika haya kwa sababu uongo ule umefika mbali kuliko nilivyodhani, na mwenye wajibu wa kuukana ni mimi.

Baba mdogo alifariki ghafla akiwa safarini. Aliondoka nyumbani Tanga wakiwa hawasemezani na mkewe, kwa ugomvi wa pesa ambao wenyewe wangeumaliza kwa chai ya jioni moja. Jioni hiyo hawakuipata. Kwa mwanamke aliyelelewa kama mama mdogo, kufiwa na mume kabla ya kutakana radhi ni mzigo mzito kuliko upweke wenyewe. Waliokuja kumpa pole walimwambia ni kazi ya Mungu, naye akaitikia kwa kichwa. Usiku, tulipobaki wawili, aliniuliza mimi: "Mwanangu, unadhani aliondoka na kinyongo?" Nilikuwa nimehamia kwake ili nikae naye katika eda, ile miezi minne na siku kumi, na swali hilo nililisikia karibu kila usiku.

Katika eda hiyo ndipo tulipoanza kutazama Ghost Whisperer. Ni tamthilia ya Kimarekani iliyobuniwa na John Gray, ikaonyeshwa na kituo cha CBS kuanzia Septemba 2005 hadi Mei 2010. Jennifer Love Hewitt anaigiza Melinda Gordon, mwanamke mwenye duka la vitu vya kale katika mji wa kubuni uitwao Grandview, ambaye tangu utotoni anawaona wafu na kuzungumza nao. Karibu kila sehemu inakwenda kwa njia ileile. Marehemu amekwama duniani kwa sababu kuna neno ambalo hakuwahi kulisema. Melinda anawatafuta wafiwa, nao kwanza wanamfukuza. Kisha anawatajia siri ambayo marehemu peke yake angeijua. Wanalia, wanasameheana, na marehemu anauona mwanga na kuondoka. Yote yanaisha kwa dakika 40 na ushee.

Mama mdogo hajui Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namfasiria. Tulipunguza sauti ya televisheni wageni walipobisha hodi, na walipoondoka tuliendelea. Sasa naona kwamba kosa langu lilianzia hapo, kabla hata sijasema uongo wowote. Kila marehemu wa Grandview aliposema amesamehe, sauti aliyoisikia mama mdogo ilikuwa yangu. Aliponitazama usoni kungoja neno lijalo, alikuwa ameshazoea kwamba maneno ya wafu humfikia kupitia kinywa changu.

Siku moja aliniuliza kama yule binti ni mtu wa kweli. Nilimjibu kwamba hadithi ni ya kutungwa, lakini miongoni mwa watayarishaji wake wakuu yumo James Van Praagh, mtu ambaye katika maisha yake halisi hudai kuwasiliana na wafu. Nilichosema kilikuwa sahihi. Ila nilikisema kwa namna ya kumwachia mlango wazi, na niliona jinsi alivyonyamaza akiutazama mlango huo. Asubuhi chache baadaye nilimpa ndoto.

Najua watakaosema nilifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Nilikuwa nimechoka kuulizwa swali lisilo na jibu na nilitaka kulala. Tena nilipenda kuwa mtu ambaye marehemu amemchagua. Alipodondosha ungo na kunikumbatia, niliona fahari, na fahari hiyo ndiyo sehemu ya jambo hili inayonipa aibu kubwa kuliko zote.

Usiku ule alilala vizuri, nami nikajiambia nimefanya wema. Kulipokucha aliniuliza: "Hajaja tena?" Aliuliza kesho yake, na kesho kutwa. Likaja suala la kipande cha shamba la minazi ambacho baba mdogo alikiacha, kama wakiuze kulipa deni lake au wakitunze. Mama mdogo alitaka kujua marehemu anasemaje. Hapo niliogopa. Kumtuliza mtu kwa ndoto ya uongo nilithubutu, lakini kugawa mali ya warithi kwa ndoto ya uongo sikuthubutu. Nikamwambia hajaja.

Sikuwa nimefikiri kwamba marehemu akishasema mara moja, kimya chake nacho huanza kusema. Kabla ya ndoto yangu, kimya cha baba mdogo kilikuwa kimya cha mauti, kilekile cha kila aliyezikwa. Baada ya ndoto kikawa hasira. Mama mdogo alianza kujichunguza: labda kwa sababu alicheka na mgeni, labda kwa sababu alimpa shemeji yake shati la bluu la marehemu. Aliacha kabisa kugawa nguo za marehemu. Deni lilikaa bila kulipwa, huku akingoja ruhusa kutoka kwa mtu ambaye mimi ndiye niliyemtia sauti.

Ndipo nilipoitazama upya tamthilia ile. Ina sehemu 107, na karibu kila moja inaleta wafiwa wapya. Mjane wa wiki hii anapokea ujumbe wake, analia, anatabasamu, na wiki ijayo hayupo tena. Hatumwoni akiamka kesho yake na kuuliza kama mumewe amesema kingine. Hatumwoni mbele ya shamba lisilouzwa. Mtunzi ana haki ya kuimaliza hadithi yake pale anapotaka, nami simlaumu. Mimi nilichukua kisa kinachokatwa kabla ya asubuhi ya pili, nikakipeleka kwa mtu ambaye angeamka asubuhi ya pili, na ya tatu, na zote zilizofuata.

Nilikumbuka pia kisa cha Harry Houdini, mwanamazingaombwe aliyempenda mama yake kupita kiasi. Mama huyo alifariki mwaka 1913 wakati mwanawe yuko Ulaya. Mwaka 1922, huko Atlantic City, mke wa Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyembuni Sherlock Holmes, alikaa na Houdini akaandika kurasa nyingi alizosema zinatoka kwa mama huyo. Zilikuwa zimejaa upendo. Lakini juu ya ukurasa ulichorwa msalaba, na barua yote ilikuwa kwa Kiingereza. Mama yake Houdini alikuwa mke wa rabi wa Kiyahudi, na Kiingereza hakikuwa lugha yake. Baadaye Houdini alitangaza kwamba haamini barua ile ilitoka kwa mama yake, na urafiki wake na Conan Doyle ukavunjika. Yule bibi huenda aliamini kwa dhati alichokiandika. Mimi sina hata udhuru huo. Tena mimi nililelewa katika dini ambayo Mtume wake alimwonya vikali mtu anayedai kuota ndoto ambayo hakuiota. Onyo hilo nalijua tangu chuoni, nikiwa mtoto.

Nilimwambia mama mdogo ukweli baada ya eda kwisha. Nilipiga magoti nikamweleza kwamba hakukuwa na kanzu nyeupe wala ndoto. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hakusema kitu?" Nikamjibu, "Hakusema kitu, mama." Hakunifukuza, ila kwa muda mrefu hakunisemesha. Salamu zangu aliziitikia kwa sababu ni wajibu kuitikia salamu.

Katika muda huo alifanya mambo ambayo ndoto yangu ilikuwa imeyazuia. Aliwaita warithi, shamba likauzwa, deni likalipwa. Nguo za marehemu alizitoa sadaka. Na siku aliponifungulia tena moyo, aliniambia jambo ambalo lilikuwepo tangu mwanzo na sote wawili hatukulitazama. Asubuhi aliyoondoka kwa hasira, baba mdogo aliacha pesa ya sokoni juu ya kabati, mahali pake pa siku zote. Jambo hilo halithibitishi kwamba aliondoka bila kinyongo, na mama mdogo hadai hivyo. Lakini lilitokea kweli, na ni lake. Kama ningemjibu "sijui" kila usiku alioniuliza, nikakaa naye ndani ya hiyo sijui, pengine tungelifikia mapema.

Radhi yake amenipa, kwa sharti kwamba mimi mwenyewe niwaambie watoto wake, kwa sababu alikuwa amewasimulia ndoto ile kama wasia wa baba yao. Nimewaambia. Mkubwa alilia kuliko siku ya mazishi, kwani alikuwa akiishikilia sana, na niliona kwa macho yangu kwamba nilimfisha baba yake mara ya pili.

Lakini mama mdogo aliisimulia pia mbele ya watu wengi kwenye hitima, na wapo waliotoka pale wakaipeleka kwao. Nakumbuka kisa kingine, cha Marekani: mwaka 1848, Maggie na Kate Fox, mabinti wadogo wa kijiji cha Hydesville, waliwaaminisha watu kwamba wafu hujibu maswali kwa kugonga. Miaka 40 baadaye, mwaka 1888, Maggie alipanda jukwaani New York akaonyesha kwamba ile milio ya kugonga aliifanya kwa viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata aliyakana maungamo yake, na waumini wengi hawakuwa wamebadilika hata kidogo. Uongo wa namna hii haurudi kwa kuitwa mara moja.

Kwa hiyo nauita tena, hadharani. Ikiwa ulikuwepo kwenye hitima ile, au umesimuliwa habari ya marehemu aliyekuja na kanzu nyeupe kumpa mkewe radhi, jua kwamba hakuja. Ikiwa umewahi kumfariji mtu kwa habari hiyo, tafadhali mrudie umwambie ilitungwa, na aliyeitunga ni mimi. Na ikiwa nawe umemtungia mfiwa ujumbe wako, mwendee angali hai. Marehemu hawezi kukukana, na mfiwa hawezi kukusamehe jambo asilolijua.