Si Kabila, ni Maamuzi

Hapa Ujiji tumezoea kusema kwamba maendeleo yanakwama kwa sababu sisi ni mchanganyiko mno: Waha, Wamanyema, Wabembe, Wabwari, na wengine ambao wazee wao walivuka Ziwa Tanganyika. Kauli hiyo nimeisikia mwaloni, sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Falsafa imenifundisha kuuliza: tunajuaje?

Mwaka 2004 mtafiti Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, penye makabila mengi shule zilipata michango midogo zaidi. Meatu, mchanganyiko haukuwa kikwazo. Yeye aliona sababu katika siasa ya kujenga taifa: Kiswahili, elimu na serikali za vijiji. Meatu si Ujiji, lakini utafiti huo unatosha kutuondolea kisingizio.

Historia yetu nayo inasema hivyohivyo. Ujiji ulikuwa mji mashuhuri wa misafara kabla Kigoma haijawa mji. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani ilifika Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapa, na bandari ikajengwa huko. Biashara ikahama. Watu wa Ujiji hawakugeuka wavivu. Uamuzi ulifanyika, nao hawakuulizwa.

Ndiyo maana naona swali la nani anaulizwa ni swali la imani pia. Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika waraka Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba ni kosa jumuiya kubwa kunyang'anya jumuiya ndogo kazi inazoziweza. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini mkutano wa mtaa ukiitishwa asubuhi, wavuvi waliokesha ziwani wamelala, na akina mama wanaanika dagaa. Wanaobaki kuamua ni wenye nafasi, na mara nyingi ndio wenye nacho.

Ndugu zangu, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo tuanze kuulizana mambo matatu: mkutano uliitishwa saa ngapi, nani hakuwepo, na je, mapato na matumizi yalisomwa? Tukishapata majibu, ndipo tuzungumze habari za makabila, kama bado tutaona haja.