Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Si ada ya kurasa hizi kuzungumzia vyombo vya michezo, na huenda baadhi ya walimu wenzangu wakashangaa kuniona nikiandika habari za kadi ya michoro ya kompyuta. Lakini mwalimu wa lugha hawachagulii wanafunzi wake maswali. Vijana tunaowafundisha sarufi asubuhi ndio hao hao wanaocheza michezo ya kompyuta jioni, na fedha wanazozitumia kwa ajili hiyo zimepatikana kwa jasho. Kwa hiyo nimeona si vibaya kueleza jinsi mpwa wangu na mimi tulivyolipima jambo hili hapa Kampala, kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho.

Mpwa wangu alikuwa na kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini, Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile yenye umbo la mnara. Mashine hiyo ilikuwa riziki yake, maana kwayo aliwapigia watu chapa barua na maombi ya kazi. Humo pia mama yake, ambaye ni dada yangu, aliweka hesabu za ushonaji wake. Kijana alidunduliza shilingi 400,000, akataka kununua kadi ya michoro ili michezo aipendayo isikwamekwame. Fundi mmoja alimwonyesha kadi mbili zilizokwisha kutumika, zote za bei moja: Radeon RX 580 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na GeForce GTX 1650 yenye gigabaiti 4. Akanijia akiwa amekwisha kuamua.

“Mjomba,” aliniambia, “ni nani aachaye nane akachukua nne?”

Sikumpa amri, kwani fedha zilikuwa zake. Nilimtaka tu anieleze, kwa Kiswahili safi, kadi hiyo hufanya kazi gani. Alisita kidogo, kisha tukaanza kulifumbua jambo hilo pamoja.

Picha ya skrini imefumwa kwa nukta. Skrini yake ilikuwa na nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Ili mwendo uonekane laini, yafaa picha nzima ichorwe upya kama mara 60 kwa kila sekunde. Ukizidisha utapata nukta zaidi ya milioni 124 katika sekunde moja. Prosesa, ambayo ndiyo bongo la kompyuta, ni mfano wa mwalimu hodari afanyaye hesabu ngumu chache kwa wakati. Kadi ya michoro ni mfano wa darasa zima: kila mwanafunzi hupewa hesabu ndogo, na wote huandika kwa pamoja. Kumbukumbu ya kadi ni meza ya darasa hilo, mahali pa kutandaza picha na rangi zinazohitajiwa. Meza kubwa ni jambo jema. Lakini je, darasa hilo hulishwa na nani?

Hapo ndipo tulipofungua ubavu wa mashine. Juu ya kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, palibandikwa karatasi iliyoandikwa wati 275. Prosesa yake, Core i5-3470, imekadiriwa wati 77. Diski, feni na vinginevyo tulivikadiria wati 50. Zilisalia wati 148. Sasa RX 580 imekadiriwa wati 185, na huhitaji waya wake wa pekee kutoka katika kisanduku, waya ambao kisanduku chetu hakikuwa nao. GTX 1650 imekadiriwa wati 75, na hicho ndicho kiasi ambacho tundu la kadi katika ubao mkuu huruhusiwa kutoa. Kwa sababu hiyo aina nyingi za kadi hii hazihitaji waya wa ziada. Zipo baadhi zinazouhitaji, na hapana budi mnunuzi aikague kadi kwa macho yake kabla ya kulipa.

Kijana akasema kwamba fundi alikuwa ameahidi kuunga waya. Nikamjibu kwamba waya ungeungwa, lakini wati haziongezeki kwa kuunga waya. Kisanduku kinacholemewa huenda kikajizima katikati ya mchezo, au kikaungua na kudhuru vyombo vingine. Kununua kisanduku kikubwa zaidi kulitaka fedha ambazo hakuwa nazo.

Yalikuwapo na mambo mengine mawili. La kwanza, prosesa ya mwaka 2012 isingeweza kuipa kadi kubwa kazi kwa kasi inayotakiwa katika michezo mingi ya sasa. Darasa lingekaa likimngoja mwalimu. La pili, kadi nyingi za RX 580, zilizotoka mwaka 2017, zilitumiwa mchana na usiku kuchimba sarafu ya Ethereum, hadi uchimbaji wa namna hiyo ulipokoma Septemba 2022. Si kwamba zote ni mbovu, bali mnunuzi hawezi kuijua historia ya ile anayouziwa.

Aliuliza pia juu ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ambayo nayo hutosheka na wati 75 na huuzwa kwa bei nafuu. Hiyo tuliiacha kwa kuwa Oktoba 2025 ndipo mtengenezaji alipokoma kuitolea programu mpya za michezo, akabakiza za usalama tu.

Kijana alinyamaza, kisha akasema, “Basi mimi nitabaki nyuma, mjomba. Wenzangu wana nane.” Sikumficha: ni kweli. Gigabaiti 4 ni chache kwa michezo mipya, na ingempasa kupunguza urembo wa picha ili mchezo utembee. Hasara hiyo ilikuwa ya hakika. Hasara ya pili, ya kuamka asubuhi mashine ikiwa imezimika na wateja wanangoja barua zao, ilikuwa ya shaka, lakini kubwa zaidi. Nikamwachia apime mwenyewe.

Alirudi kwa fundi akaitaka GTX 1650, akasisitiza iendeshwe mbele yake kwa saa nzima kabla hajatoa fedha. Leo michezo yake ya mpira na ya magari hutembea bila kukwama. Michezo miwili aliyoitamani sana haijatembea vizuri, naye huitaja kila anionapo. Barua za wateja zingali zinapigwa chapa.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Katika kompyuta mafya ni matatu: umeme, prosesa na kadi. Anayenunua jifya moja refu kuliko mengine atakimwaga chungu. Ndugu walimu, mwanafunzi akikuijia na swali la namna hii, usimwambie kwamba hilo si somo lako. Mpe kalamu na karatasi, mwache aandike wati zake na azijumlishe, kisha akueleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini amechagua alichokichagua. Hiyo nayo ni insha.