Mguu Uliochoka Hukopa kwa Jirani

Askari aliyetembea kutwa, shanta mgongoni na bunduki begani, humwonekea mtu amtazamaye kwa mbali kana kwamba anakwenda vilevile alivyokwenda asubuhi. Kumbe ndani ya miguu yake kazi imekwisha kupokezanwa mara nyingi, kama mzigo wa wasafiri wengi njiani.

Kigimbi, ile nyama iliyonona nyuma ya muundi, si msuli mmoja. Nje upo msuli wenye vichwa viwili, uanziao juu ya goti. Chini yake umelala mwingine, bapa, uanziao chini ya goti. Yote miwili huishia katika kano moja nene ya kisigino. Ule wa ndani ndio mvumilivu. Mlinzi asimamapo lindoni usiku, ndio umzuiao asianguke kifudifudi, saa baada ya saa, ilhali mwenzake huamka kwa vipindi, mwili unapoyumba. Huyo wa nje kazi yake hasa ni nguvu za ghafula, kama kuruka mtaro au kumfukuza mwizi, naye huchoka upesi.

Vigimbi vikichoka, wayo hausukumi tena ardhi barabara. Ndipo misuli ya nyonga huongeza kazi na kuuvuta mguu mbele kutoka juu. Msuli wa mbele ya muundi, uinuao ncha ya wayo, ukilegea, askari hulazimika kuinua goti zaidi asije akajikwaa. Asipoliinua, buti huburura vumbi. Misuli ya ubavuni mwa nyonga ikichoka, kiwiliwili huanza kulala upande huu na huu, kama bata. Wenye nyumba huyajua haya pasipo kitabu: mke husikia mlio wa buti uani, akateleka maji ya moto.

Ushirikiano huu ni neema, na ni hila pia, kwa maana huficha deni. Misuli haisogezi mwili tu, bali hupokea kishindo cha kila hatua. Ikiishiwa wasaidizi, kishindo huhamia mfupani, na mfupa hauna jirani wa kumpokeza. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza uvimbe na maumivu ya nyayo za askari waliotoka katika matembezi marefu, wala hakuwa na njia ya kuona ndani. Mwaka 1897, miaka miwili baada ya Röntgen kugundua eksirei, picha zilionyesha nyufa katika mifupa myembamba ya wayo.

Kurutu ndiye apatwaye zaidi, kwa kuwa misuli yake hupata nguvu katika wiki chache, na mfupa huchelewa. Huona haya kusema, asije akaitwa mtegaji, akachechemea kwa siri hadi ufa mdogo ukawa mvunjiko kamili. Maumivu yakikaa mahali pamoja panapobonyezeka kwa ncha ya kidole, na kuzidi kila atembeapo, huo si uchovu tena. Aende kwa daktari. Picha ya kwanza huenda isionyeshe kitu, na wasiojua wakamdhania mwongo. Ikirudiwa baada ya wiki mbili au tatu, mara nyingi huonekana kifundo cha mfupa mpya palipokuwa na ufa. Kwa kawaida mguu hupumzishwa wiki sita hadi nane. Siku hizo anaweza kukaa barazani akiwapukuchulia wenzake mahindi, buti zikiwa chini ya kitanda.