Biharusi, Fangasi Hawaondoki kwa Doksi



Katika kazi yangu ya kupamba maharusi husikia mengi yasiyosemwa ukumbini. Biharusi mmoja, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya nikaha, alininong'oneza kuwa anawashwa ukeni na anatokwa na uchafu mweupe mzito. Shoga yake alikuwa ameshamletea kapsuli za doksi ili apone haraka. Nilimwomba asizimeze, aende kwanza akapimwe. Alikutwa na fangasi, akapewa dawa ya kuweka ukeni.

Kwa nini si doksi? Kila seli hai hutengeneza protini katika viwanda vidogo mno vinavyoitwa ribosomu. Doksi huzuia kazi ya ribosomu za bakteria, ambazo ni tofauti na zetu. Lakini fangasi huyu, Candida, ni jamaa wa hamira tunayoumulia maandazi, na ribosomu zake zinafanana sana na za binadamu. Doksi haimtibu. Tena inaweza kuua bakteria wazuri wanaoulinda uke, fangasi wakapata nafasi ya kuzaana.

Ndiyo maana dawa tulizozizoea hazigusi ribosomu. Klotrimazoli na flukonazoli humzuia fangasi kutengeneza egosteroli, mafuta yanayoimarisha utando wa seli yake. Sisi utando wetu hutumia kolesteroli.

Ipo dawa inayovuruga protini zake kwa hila: flusitosini. Fangasi ana kimeng'enya ambacho seli zetu hazina. Dawa ikimwingia, yeye mwenyewe huigeuza kuwa sumu, na sumu hiyo huharibu maagizo ya kutengeneza protini. Hiyo hutolewa hospitali kwa maradhi mazito, kama homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Si ya muwasho wa kawaida.

Basi mpenzi wangu, usijioshe ndani kwa sabuni ya manukato, wala usijifukize ukeni. Si kila muwasho ni fangasi, kwa hiyo kapimwe. Ukiwa na mimba au unatumia dawa nyingine, mwambie daktari.

Haya ni pambo la muumini. Lakini Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na mwili huu ni amana. Tuulize, inshaallah tutapona.