Anayegawa Aseme Sheria Yake

Hapa kwetu Butembo na Beni, mtu akisikia neno haki, mara mingi anafikiria sawasawa: kila mtu kipande kimoja, basi. Desturi ya nyumbani haikutufundisha hivyo.

Kwetu, mukaka, yaani bibi yetu, ndiye aliyegawa bugali na maharagi. Sahani hazikulingana. Mgonjwa alipakuliwa wa kwanza, mama mwenye kunyonyesha alipata kubwa, sisi watoto tulikula pamoja sahani moja. Hatukununa, maana mukaka alisema mbele ya wote sababu ya kila sahani, tena yeye mwenyewe alijipakulia mwisho.

Nilikumbuka desturi hiyo wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, na wiki iliyofuata chanjo ikaanza. Haikuwa ya wote. Walioipata kwanza ni wauguzi, watu waliomkaribia mgonjwa, na wale waliokutana na watu hao. Mpango ulikuwa na maana: moto wa porini unazuiwa kwa kufyeka majani yanayouzunguka. Lakini kwenye avenue yetu niliulizwa kila siku: "Juu ya nini jirani apate shindano, na miye hapana?" Mtu asiyeambiwa sheria anajitungia yake: ni biashara, ni ukoo, ni siasa.

Halafu, tarehe 26 Desemba 2018, CENI ikatangaza kwamba kura ya Beni na Butembo inasogezwa mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Karibu nchi yote ikachagua Rais tarehe 30 Desemba. Sauti zetu hazikuhesabiwa. Watu wakasema: soko iko wazi, kanisa iko wazi, ni kura tu ndiyo inaambukiza? Lilikuwa swali la haki kabisa. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Sisemi kura ndiyo ilileta moto ule. Lakini palipo na shaka, hata mtu mwema anamficha mgonjwa wake. Ugonjwa ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa, na zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Kwangu mimi, kugawa kwa haki si lazima kugawa sawasawa. Ni kusema sheria kabla ya kugawa, na sheria hiyo imfunge hata anayeshika upawa. Leo bado tunagawana mengi: maji, viwanja, nafasi za shule, unga wa ndugu zetu waliokimbia vita. Basi chefu wa kartie akileta orodha ya watakaopewa unga, aisome hadharani, jina la kwanza mpaka la mwisho, na aeleze juu ya nini huyu yuko mbele ya yule. Na kama jina la mtoto wake limo, alisome kwa sauti ileile.